Bwawa Linalokaa Tupu: Namna ya Kujenga Tuta Dogo la Udongo la Kukinga Kijiji na Mafuriko

Katika Kanda ya Kati ya Tanzania, hasa Dodoma, mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi sehemu kubwa ya mvua ya mwezi huanguka katika saa chache za alasiri moja. Korongo ambalo asubuhi watoto walivuka kwa miguu mikavu linaweza kufikia jioni kuwa limebeba ng'ombe, mahindi na kuta za nyumba. Maji hayo hayaishii kijijini. Makorongo ya Dodoma yanaingia mto Kinyasungwe, nao unaingia Mkondoa, na Mkondoa ndio uliofurika Kilosa mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata Reli ya Kati. Kijiji kimoja hakiwezi kuuzuia mto mkubwa, lakini kinaweza kulipunguzia kasi korongo lake chenyewe kwa tuta la udongo lenye kimo cha mita chache, mradi tuta hilo lijengwe na kutunzwa ipasavyo.

Jambo la kwanza la kuelewana, kabla ya kushika jembe, ni kwamba bwawa la kuzuia mafuriko si lambo. Lambo la mifugo hujengwa ili lijae na likae limejaa, ilhali bwawa la mafuriko hujengwa ili likae tupu, kwa sababu kinachokikinga kijiji ni nafasi iliyo wazi nyuma ya tuta siku mvua inapoanza. Bwawa lililokwisha kujaa haliwezi kupokea mafuriko mapya. Linayapitisha tu, na huku limeongeza hatari ya kupasuka. Mfano mkubwa wa kanuni hii uko katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako baada ya mafuriko ya Machi 1913 yaliyoua mamia ya watu katika bonde la mto Miami na mji wa Dayton, mhandisi Arthur Morgan alisimamia ujenzi wa mabwawa matano ya udongo yaliyokamilika mwaka 1922. Mabwawa hayo hayana milango ya kufungwa. Chini ya kila tuta kuna njia za zege zilizo wazi siku zote: mto hupita kama kawaida, mafuriko yakija yanazidi uwezo wa njia hizo na kujikusanya nyuma ya tuta, kisha yanatoka taratibu, na ardhi ya nyuma ya tuta inalimwa misimu yote. Hilo ndilo umbo la bwawa ninalolieleza hapa, kwa kipimo cha kijiji.

Maelezo haya yanamwezesha mwenyekiti wa kijiji, kamati yake na mafundi kuielewa kazi na kuisimamia. Hayachukui nafasi ya mhandisi. Nchini Tanzania ujenzi wa bwawa unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kanuni zake za usalama wa mabwawa, kwa hiyo safari ya kwanza ni ya kwenda kwenye ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa maji ya Kinyasungwe ni ya Wami/Ruvu, na kuuliza pia masharti ya mazingira. Waliopo chini ya tuta, hata kama ni wa kijiji kingine, waitwe kikaoni mapema, kwa kuwa wao ndio watakaolala chini ya ukuta huo.

Kuchagua mahali

Tafuta sehemu ambapo bonde limebanwa kati ya kingo mbili imara, na nyuma yake limepanuka na kuwa tambarare. Hapo tuta fupi linashika maji mengi. Waulize wazee maji ya mwaka mbaya kuliko yote yalifika wapi, kisha uweke vigingi kwenye mti, jiwe au ukuta wanaouonyesha. Alama hizo ni kumbukumbu ambayo hakuna kifaa kitakachokupa. Angalia pia pembeni ya bonde kama kuna ardhi ngumu ya asili inayoweza kuchimbwa njia ya maji ya ziada. Pasipo na mahali pa njia hiyo, pasijengwe bwawa, hata pakiwa pazuri namna gani kwa mengine yote.

Kisha yachimbwe mashimo ya uchunguzi kwenye mstari wa tuta, kila baada ya mita 20 au 30, yenye kina cha mita mbili hadi tatu, na mengine mahali udongo wa kujengea utakapochukuliwa. Unatafuta mambo mawili: tabaka lisilopitisha maji chini ya tuta, na udongo wa kutosha wenye mfinyanzi. Udongo unaofaa zaidi una mfinyanzi wa takriban asilimia 20 hadi 30, uliobaki ukiwa mchanganyiko wa tope laini na mchanga. Ili kuupima shambani, jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo uliopondwa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu na uiache siku nzima: mchanga hutulia chini, tope laini juu yake, na mfinyanzi juu kabisa, nawe unaweza kuyapima matabaka kwa rula. Udongo huo huo ukiloweshwa kidogo uweze kusokotwa kuwa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hukiruka, nami naomba kisirukwe. Chukua bonge dogo la udongo mkavu, ulitumbukize polepole katika glasi ya maji ya mvua yasiyo na chumvi, na uliangalie kwa dakika kumi bila kuligusa. Bonge likivunjika na kutulia chini huku maji yakibaki safi, si vibaya. Likizungukwa na wingu kama la maziwa linalotanda ndani ya glasi, udongo huo unayeyuka ndani ya maji wenyewe, na tuta lililojengwa kwa udongo wa namna hiyo linaweza kutobolewa na ufa mdogo usioonekana hata siku ya kwanza linapopokea maji. Udongo huo uachwe, au utumike tu kwa maelekezo ya mtaalamu atakayeutibu kwa jasi au chokaa. Udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi nao usitumike juu ya tuta, kwa sababu bwawa letu hukaa kavu miezi mingi na nyufa zitapata muda wa kufunguka.

Hesabu ambazo kamati inapaswa kuzielewa

Chukulia kidakio, yaani eneo ambalo mvua yake hutiririkia korongo, cha kilomita 2 za mraba. Mvua kubwa ya kawaida ya eneo hilo inaleta milimita 60 kwa saa moja, na asilimia 40 ya maji yake inatiririka badala ya kuzama ardhini. Maji yatakayofika kwenye korongo ni mita za ujazo 48,000, na katika kilele chake mkondo utabeba takriban mita za ujazo 13 kwa sekunde. Takwimu halisi za mvua ya mahali pako ziombwe Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hizi ninazitumia ili njia ya hesabu ionekane.

Ili kujua bonde linashika kiasi gani, zidisha upana wa maji kwenye tuta kwa urefu wa eneo ambalo maji yatarudi nyuma, kisha kwa kina kikubwa kabisa, na ugawanye kwa sita. Bonde lenye upana wa mita 120, maji yakirudi nyuma mita 600 na kina kikiwa mita 4, linashika mita za ujazo 48,000. Katika mfano wetu, basi, bonde linatosha mafuriko yote ya mvua ile moja.

Bomba la chini, ambalo halina koki wala mlango, hukadiriwa kwa muda tunaotaka bwawa lijitoe maji. Kwa kuwa mvua nyingine inaweza kuja kesho yake alasiri, bwawa liwe tupu ndani ya siku moja. Bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 600 linapitisha kama mita moja ya ujazo kwa sekunde maji yakiwa juu, na kidogo zaidi ya nusu yake yakipungua, kwa hiyo litalimaliza bwawa hili katika muda wa kati ya nusu siku na siku moja. Kijiji kilichokuwa kinapokea mita za ujazo 13 kwa sekunde sasa kinapokea moja hivi kwa saa nyingi zaidi, na korongo linaweza kuibeba bila kutoka kingoni. Bomba dogo kuliko hilo nisingelishauri, hata kama hesabu inaliruhusu, kwa sababu huziba haraka na mtu hawezi kuliingia kulisafisha.

Utoro wa maji, yaani njia ya pembeni inayotorosha maji ya ziada, haukadiriwi kwa mvua ya kawaida. Hapa tunachukua mvua ambayo huenda ikaja mara moja katika miaka 100, na tunadhani kwamba inalikuta bwawa limejaa na bomba limeziba. Ikiwa mvua hiyo ni milimita 100 kwa saa na nusu ya maji inatiririka, mkondo ni takriban mita za ujazo 28 kwa sekunde. Maji yanayopita juu ya kizingiti kipana kwa kina cha sentimita 60 hutoka kiasi cha mita za ujazo 0.8 kwa sekunde kwa kila mita ya upana, kwa hiyo utoro uwe na upana wa mita 35. Wajumbe wa kamati watashtuka kuona njia pana kiasi hicho kwa bwawa dogo kiasi hiki, na mtu atapendekeza ipunguzwe ili kuokoa gharama. Asikubaliwe. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu ya mgongo wake hata kwa saa moja.

Historia ya jambo hili ni nzito. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, lilipasuka tarehe 31 Mei 1889 na kuua watu 2,209 katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake. Mabomba yake ya chini yalikuwa yameondolewa bila kurudishwa, mgongo wa tuta ulikuwa umeshushwa ili magari ya farasi yapite, na kwenye utoro ziliwekwa wavu za kuzuia samaki wasitoroke, nazo zikakamata magogo na takataka. Karibu na kwetu, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shambani lilipasuka huko Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa mvua kubwa, na watu wasiopungua 47 wakafariki. Na huko Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli, ambapo njia ya maji ya chini ilikuwa imeziba, yalibomoa kizuizi hicho na kuua makumi ya watu. Tuta lile halikujengwa liwe bwawa. Kuziba kwa njia ya maji ndiko kulikoligeuza kuwa bwawa.

Vipimo vya tuta

Kizingiti cha utoro kiko mita 4 juu ya sakafu ya korongo. Ongeza sentimita 60 za maji yanayopita, na sentimita 90 za usalama dhidi ya mawimbi na makosa ya hesabu, na tuta linakuwa na kimo cha mita 5.5. Mgongo uwe na upana wa mita 3. Upande wa maji uteremke mita 3 za mlalo kwa kila mita ya kimo, na upande wa nyuma mita 2.5, hivyo sehemu ya kati ya tuta itakuwa na kitako cha zaidi ya mita 33. Kwa tuta lenye urefu wa mita 150 unahitaji takriban mita za ujazo 6,500 za udongo ulioshindiliwa, ambazo ni zaidi ya safari 1,600 za tipa la mita za ujazo 5, kwa kuwa udongo uliochimbwa huvimba. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuomba fedha, kwa sababu tuta lililoishiwa fedha likiwa na mita 3 ni la hatari kuliko kutokuwa na tuta.

Kujenga

Kazi ianze Mei au Juni, ardhi ikiwa imekauka lakini bado ina unyevu kidogo, na ikamilike kabla ya Novemba. Vuna kwanza udongo wa juu wenye mizizi na majani, sentimita 20 hadi 30, kwenye eneo lote la kitako, uuweke kando kwa ajili ya kufunika tuta baadaye. Ng'oa visiki na mizizi yake yote, na vichuguu vya mchwa vichimbwe hadi mwisho wa mashimo yake na kujazwa upya.

Katikati ya mstari wa tuta uchimbwe mtaro wa msingi, wenye upana wa mita 2.5 au 3 ili mashine ya kushindilia iingie, ukiendelea kushuka mpaka uingie nusu mita hadi mita moja ndani ya tabaka lisilopitisha maji. Makorongo ya Dodoma yana mchanga mwingi chini, na mtaro usiovuka mchanga huo haujafanya kazi yoyote. Maji yatapita chini ya tuta kama kwamba halipo. Ujaze mtaro huo kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi zaidi ulio nao.

Bomba lilazwe ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye ardhi ya asili iliyo imara, juu ya kitanda cha zege, kamwe lisilazwe juu ya udongo uliojazwa, kwa maana udongo huo utashuka na viungo vitaachana. Pembeni ya bomba ndipo mabwawa mengi madogo huanza kuvuja, kwa sababu rola haliwezi kufika hapo na mafundi huchoka. Udongo wa mahali hapo ushindiliwe kwa mikono, kwa matabaka ya sentimita 10, pande zote mbili kwa usawa. Theluthi ya mwisho ya bomba, upande wa kijijini, izungushiwe mchanga safi mkubwa kiasi, ili maji yoyote yanayopenya yatoke bila kubeba chembe za udongo. Kwenye mdomo wa juu weka chekeche la nondo lililoinama, lenye nafasi za sentimita 15 hadi 20 na eneo kubwa mara kadhaa kuliko la bomba. Kwenye mdomo wa chini panga mawe makubwa, maji yapoteze nguvu kabla ya kurudi korongoni.

Udongo wa tuta uchukuliwe ndani ya eneo la bwawa, angalau mita 20 mbali na mguu wa tuta, na hivyo kila tipa linaloondoka linaongeza pia nafasi ya maji. Utandazwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, urefu wote wa tuta kwa pamoja. Unyevu ndio siri ya ushindiliaji: udongo ukiufinyanga kiganjani ushikamane bila kuacha maji mkononi, na ukiuangusha bonge lake livunjike vipande vichache. Ukiwa mkavu, unyunyiziwe maji kwenye shimo unakochimbwa, siku moja kabla. Rola la miguu ya kondoo, yaani lenye vinundu vya chuma vinavyozama udongoni, lipite mara sita hadi nane kila tabaka, mpaka miguu yake iache kuzama. Tipa na trekta zikipita zina msaada, ila si mbadala wa rola. Kabla ya tabaka jipya, sehemu ya juu ya lililotangulia ikwaruzwe na kuloweshwa, ili matabaka yashikane.

Chini ya mguu wa nyuma jenga mtaro wa kuchujia: mchanga ukigusana na tuta, kisha changarawe, kisha mawe. Mgongo wa tuta umalizwe ukiwa umeinuliwa katikati kwa asilimia 10 ya kimo, yaani sentimita 55 katika mfano wetu, kwani udongo utashuka katika misimu ya kwanza, na pasipo nyongeza hiyo katikati patakuwa chini na hapo ndipo maji yatapita. Rudisha udongo wa juu, panda ukoka kwenye mteremko wote wa nyuma na mgongoni, na upande wa maji upangwe mawe pale mawe yapatikanapo. Miti isipandwe juu ya tuta wala ndani ya mita 10 za mguu wake. Uzio wa minyaa unatosha kuwazuia ng'ombe.

Utoro uchimbwe kwenye ardhi ya asili, si juu ya udongo uliojazwa, na kizingiti chake kiwe boriti ya zege iliyosawazishwa kwa mpira wa maji au kifaa cha upimaji kwa upana wote wa mita 35. Mfereji wake urudishe maji korongoni mbali na mguu wa tuta. Usilimwe, usiwekwe wavu, usijengwe daraja la miguu lenye nguzo katikati.

Kulitunza likiwa tupu

Mwaka wa pili au wa tatu, kiangazi kikiwa kikali, mtu atasema kwamba bomba lizibwe kwa mifuko ya mchanga ili mifugo ipate maji. Ombi hilo ni la haki, na kamati isilidharau. Jibu lake litolewe wakati wa usanifu: mdomo wa bomba uinuliwe, kwa mfano, mita moja juu ya sakafu, na maji yaliyo chini yake yabaki kwa mifugo, mradi nafasi hiyo iondolewe kwenye hesabu ya mafuriko na tuta liongezwe kimo kwa kiasi kinachohitajika. Au lambo la pembeni lichimbwe, lijazwe kutoka kwenye mdomo wa chini wa bomba. Kuziba bomba baada ya ujenzi kusiruhusiwe hata kwa wiki moja.

Adui wa pili ni mchanga. Bwawa la Ikowa, lililojengwa Dodoma miaka ya 1950, lilionyesha jinsi tope la vilima vilivyo wazi linavyoweza kumeza bwawa katika maisha ya kizazi kimoja. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulifikia hatua ya kuondoa mifugo katika maeneo yaliyoharibika ya Kondoa mwaka 1979, na mimea ikarudi. Kijiji kinaweza kufanya kwa kiasi chake: makinga maji ya kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa, matuta ya mawe ndani ya makorongo madogo, na malisho ya zamu. Kila kiangazi mchanga uliojikusanya upimwe kwa kigingi na uchotwe. Mafundi wa matofali na barabara wataufurahia.

Mvua ya kwanza kubwa inapoliingia bwawa, watu wawili walinde mchana na usiku, wakiwa na taa, simu na namba za viongozi wa vitongoji vya chini. Wautazame mguu wa nyuma. Maji safi yanayodondoka kwenye mtaro wa kuchujia ni ya kawaida na yapimwe kwa ndoo na saa, kila siku, yaandikwe. Maji machafu yenye rangi ya udongo, hata yakiwa kidogo kama kidole, yana maana kwamba tuta linaliwa kwa ndani, na watu wa chini waondolewe mara hiyo hiyo, kabla ya mtu yeyote kuanza kutafuta chanzo. Bwawa la Teton, Idaho, lilionekana likitoa maji machafu asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limekwisha kubomoka.

Baada ya kila mvua chekeche lisafishwe, mashimo ya fuko na mchwa yachimbuliwe na kushindiliwa upya, na nyufa za kiangazi zijazwe kabla ya Novemba. Fedha ya kazi hiyo itengwe kwenye bajeti ya kijiji tangu mwaka wa kwanza.

Ikitokea kijiji kimeshindwa kabisa kulitunza bwawa, lisiachwe lisimame peke yake. Lifunguliwe wakati wa kiangazi kwa kibali cha Bodi ya Bonde: tuta likatwe hadi sakafu ya korongo, kwa upana usiopungua ule wa korongo la asili, kingo za mkato zilazwe mita 2 kwa kila mita ya kimo na kupandwa ukoka, na bomba lifukuliwe na kutolewa. Udongo unaotoka upelekwe juu, pembeni mwa bonde, mahali ambapo mvua ya Desemba haitaurudisha korongoni.